Damu ya maiti: Yudin alikuwa sahihi au alivuka mpaka?

Mzee wa Zamu: Wakuu, tarehe 23 Machi 1930, Moscow, taasisi ya Sklifosovsky, analetwa kijana injinia kajikata mishipa ya mikono, damu karibu yote imemwagika. Daktari Sergei Yudin akachukua damu ya mzee wa miaka 60 aliyekufa saa chache nyuma akamwongezea kijana, kama mililita 420 hivi, na akapona. Swali: ni haki kuchukua damu ya marehemu kabla hujawauliza ndugu?

Bi Mwanaisha: Si haki. Maiti anaoshwa, anavishwa sanda, anazikwa. Ila wale wakomunisti Mungu walikuwa hawamjui, unategemea nini.

Mtoto wa Nesi: Bi Mwanaisha hapo kwa Mungu umenigusa pabaya. Voyno-Yasenetsky alikuwa askofu na daktari wa upasuaji hukohuko Umoja wa Kisovieti, kafungwa kwa ajili ya dini yake, na 1946 wakampa Tuzo ya Stalin kwa vitabu vyake vya upasuaji. Usiwajumlishe watu.

Bi Mwanaisha: Askofu mmoja! Na waliomfunga ni kina nani?

Kibo: Turudini kwenye damu basi. Aliyekufa ghafla damu yake inaganda halafu inayeyuka yenyewe, na unapata nafasi ya kupima kaswende kabla hujampa mgonjwa. Daktari Shamov kule Kharkov, Ukraine, alishaanza kujaribu damu ya maiti kwa mbwa 1928.

Msema Kweli: Benki ya damu, yaani kuweka damu akiba hospitalini, ni Chicago 1937, Dokta Fantus. Warusi mnawapamba bure.

Kibo: Fantus kaleta jina la benki, sawa. Mwaka huohuo 1937 Yudin anaandika kwenye jarida la Lancet kuhusu wagonjwa elfu moja wa kwanza waliopewa damu ya maiti iliyohifadhiwa, sasa nani kamtangulia mwenzie? Soma kwanza ndo uje ubishane.

Msema Kweli: Kama alikuwa shujaa hivyo mbona wenyewe walimkamata 1948 eti jasusi wa Waingereza, wakamtupa Berdsk huko Siberia?

Mtoto wa Nesi: Hiyo ni aibu ya Stalin, si ya Yudin! Katoka 1953, kafa 1954, halafu 1962 ndo wanampa Tuzo ya Lenin yeye na Shamov, mtu yuko kaburini miaka minane. Inaniuma mpaka leo.

Bi Mwanaisha: Poleni na tuzo zenu. Yule mzee wa miaka 60 alikuwa na watu wake, na tangu asubuhi hakuna hata mmoja wenu aliyewataja.

Msema Kweli: Kibo, hiyo Lancet ni ya Waingereza, kwa hiyo waliomshtaki walikuwa na sababu?

Kibo: Kuandika kwenye jarida la udaktari ndo ujasusi? Acha kabisa.