Ruzuku ya intaneti ya shule Marekani: ni nini hasa kilichoondolewa?

MamaPacha (Ohio) anauliza:
Habari zenu, ndugu zangu. Wanangu wawili wanasoma shule ya umma, na tangu wakati wa UVIKO-19 shule imekuwa ikituazima kifaa kidogo cha hotspoti ambacho wanakitumia kwa kazi za nyumbani, kwa kuwa nyumba tuliyopanga haina intaneti ya waya na bando la simu yangu halifiki mwisho wa mwezi. Sasa tumeletewa barua inayotuagiza tukirudishe kwa sababu msaada wa serikali umebadilika, bila maelezo zaidi. Wazazi wenzangu kanisani wanasema E-Rate, yaani mpango wa serikali wa kuzipunguzia shule gharama za intaneti, yote imefutwa na hata madarasani intaneti itakatwa. Mwingine anasema mahakama ndiyo iliyoifuta. Naomba mwenye kufahamu anieleze kilichoondolewa ni kipi, nani aliyeamua, na kama ipo njia iliyobaki kwa familia kama yetu.

FundiMtandao anajibu:
Pole sana, dada. Nashughulikia maombi ya E-Rate katika wilaya moja ya shule, kwa hiyo nianze na la kukutuliza: E-Rate ipo, na intaneti ya darasani haikuguswa. Kilichoondolewa ni ruzuku ya intaneti inayotumika nje ya shule, yaani hotspoti za kuazimisha na waifai ya kwenye mabasi ya wanafunzi.

Mpango huu ulizaliwa na Sheria ya Mawasiliano ya 1996 na unasimamiwa na Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, FCC. Lengo lake ni kuipunguzia shule gharama za huduma, kwa punguzo la kuanzia asilimia 20 hadi asilimia 90, kutegemea ni wanafunzi wangapi wanastahili chakula cha mchana cha bure au cha bei nafuu, na kama shule iko mjini au vijijini. Kwa mfano, mahali ambapo robo tatu ya wanafunzi wanastahili chakula hicho, ankara ya intaneti ya dola 4,000 kwa mwezi huiachia shule mzigo wa dola 400 tu. Kwa vifaa vya ndani ya jengo, kama swichi na mitambo ya waifai, punguzo hukomea asilimia 85.

Si mara ya kwanza kwa Tume kubadili kinacholipiwa. Mwaka 2014 iliamua kuzielekeza fedha kwenye intaneti ya kasi, ikapandisha kikomo cha mpango hadi dola bilioni 3.9 kwa mwaka, na wakati huohuo ikaanza kuiondoa ruzuku ya simu za kawaida kwa kukata pointi 20 za asilimia kila mwaka kuanzia 2015, mpaka ikaisha kabisa. Shule zililalamika, maana simu ya ofisini haikuacha kulia eti kwa kuwa ruzuku imekwisha, lakini zilizoea.

Hotspoti nazo zina historia yake. Mwaka 2021 Bunge la Marekani lilitenga dola bilioni 7.17 za dharura kwa ajili ya kuwaunganisha wanafunzi walioko nyumbani, na inaelekea kifaa chenu kilitoka huko. Fedha hizo zilifikia ukomo tarehe 30 Juni 2024. Mwezi uliofuata Tume, ikiongozwa na Jessica Rosenworcel, iliruhusu E-Rate igharimie hotspoti, kama ilivyokwisha kuruhusu waifai ya mabasi mwaka 2023. Wilaya nyingi ziliomba kwa ajili ya mwaka wa fedha ulioanza Julai 2025, nyingine zikajikamua kwa fedha zao huku zikisubiri. Kisha, tarehe 30 Septemba 2025, Tume chini ya Brendan Carr ilipiga kura mbili kwa moja kuzifuta ruhusa zote mbili, na ikaagiza maombi yaliyokuwa yakisubiri yakataliwe. Hoja yao ni kwamba sheria inazungumzia madarasa na maktaba, na sebule ya mwanafunzi haimo. Kwangu mimi hoja hiyo ni nyembamba, kwa sababu mwalimu akishatoa zoezi linalofanyika mtandaoni pekee, amekwisha kulipeleka darasa sebuleni.

MzeeWaHesabu anajibu:
Niongeze kuhusu mahakama, kwa kuwa hapo ndipo uvumi unapochanganyika. Julai 2024 mahakama ya rufaa ya New Orleans ilisema namna mfuko unaolipia E-Rate unavyochangishwa inakiuka Katiba, lakini Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi huo tarehe 27 Juni 2025 kwa majaji sita dhidi ya watatu. Kwa hiyo mahakama haikuifuta, iliinusuru.

Hata hivyo, siafikiani na FundiMtandao katika kila jambo. Mfuko huo hujazwa na tozo inayokatwa kwenye mapato ya makampuni ya simu yatokanayo na mawasiliano kati ya majimbo na ya kimataifa, na makampuni hayo huirudisha kwetu ndani ya ankara. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kiwango kilikuwa chini ya asilimia 10. Mwaka 2025 kilizidi asilimia 35, kwa sababu watu wameacha simu za kawaida, na huduma ya intaneti yenyewe haitozwi. Ukimpigia mama yako Bukavu kwa laini ya kawaida unauchangia mfuko, ukimpigia kwa WhatsApp huuchangii. Kuutwika mzigo mpya mfuko wa namna hiyo kabla ya kurekebisha nani anayechangia ni kumkamua bibi kizee mwenye simu ya mezani.

FundiMtandao anajibu:
Mzee wangu, kuhusu tozo nakubaliana nawe. Ila hotspoti ziliwekewa kikomo chake ndani ya kikomo cha mpango mzima, ambacho hakikupandishwa kwa ajili yake. Tozo haikupanda kwa sababu yake, wala haitashuka kwa kuondolewa kwake.

Mkutubi anajibu:
Mama Pacha, nikujibu swali lako la mwisho. Kwanza, iandikie wilaya ukiuliza kama imebakiza hotspoti inazozilipia yenyewe. Uamuzi wa Tume umeondoa ruzuku, haukuizuia shule kuazimisha kwa fedha zake. Pili, uliza maktaba ya umma iliyo karibu, kwani baadhi huazimisha kwa bajeti zao, ingawa foleni ni ndefu. Tatu, ipo Lifeline, msaada wa serikali ambao hupunguza hadi dola 9.25 kila mwezi kwenye ankara ya simu au intaneti kwa kaya yenye kipato kisichozidi asilimia 135 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu, au yenye Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) au msaada wa chakula wa SNAP.

MamaPacha:
Asanteni sana. Lifeline ninayo tayari kwenye simu yangu. Je, naweza kuomba nyingine kwa ajili ya intaneti ya watoto?

Mkutubi:
Hapana, ni moja kwa kila kaya. Unaweza kuihamishia kwenye intaneti ya nyumbani, lakini piga hesabu kwanza, kwa sababu simu utaanza kuilipia bei kamili.