Mrejesho: Mama yangu na maradhi ya magoti

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niliwaomba ushauri kuhusu mama yangu wa Unguja, ambaye baridi yabisi ya magoti na shinikizo la damu vilimfanya ajifungie ndani na kukata tamaa. Mlinishauri tusimnyang'anye kazi zote kwa kisingizio cha kumhurumia, na hilo ndilo lililomfaa zaidi, kwa kuwa tangu aliporudia kusuka ukili barazani, majirani huja kukaa naye na mazungumzo hayakatiki mpaka adhana ya alasiri. Mazoezi ya kunyoosha goti akiwa kitini, ambayo huimarisha misuli ya paja, anayafanya kwa kunung'unika, lakini anayafanya. Maumivu hayajaisha, hasa wakati wa kipupwe. Pensheni Jamii, ambayo Zanzibar imekuwa ikiwalipa wazee waliotimiza miaka 70 tangu mwaka 2016, sasa anaipangia matumizi mwenyewe; kaka yangu, aliyezoea kumshikia fedha hizo, hakufurahi, ila mama amekataa katakata kuzirudisha mikononi mwake. Dawa za presha anaendelea kuzimeza kila siku.