Kengele gani hii inayomtaka mtu akubali masharti kwanza ndipo imwamshe?

Mkazi wa Tabata (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, nawasalimu nyote, na mniwie radhi kwa ukali wa maneno yangu, kwa kuwa ninaandika nikiwa stesheni, begi lenye barua ya posa likiwa miguuni pangu, na treni ya mwendokasi ya alfajiri ya kwenda Morogoro imekwisha kuondoka bila mimi.

Kampuni yenyewe sitaitaja. Mnaijua. Ni wale wenye tangazo la mwanamama anayeamka nywele zikiwa zimekwisha kuchanwa, wanaouza kile kidude cheupe cha duara cha kuweka kando ya kitanda, ambacho huonyesha saa na hali ya hewa, husoma habari, hupiga muziki wa kubembeleza usingizi, na ambacho, kwa maneno yao wenyewe, kinajua wakati bora wa kumwamsha binadamu.

Jana usiku nilitega kengele ya saa kumi alfajiri. Nimeteuliwa kuwa mshenga wa mdogo wangu, na wazee wa upande wa pili walikwisha kutuonya kwamba anayechelewa hulipa faini kabla hajavuka kizingiti. Saa kumi ilipofika, kidude hakikulia. Kiliwasha kioo chake kwa mwanga ambao ungetosha kuanikia dagaa, kikatoa tangazo kwamba masharti ya matumizi yamebadilika, na kwamba sharti niyasome na kuyakubali ndipo huduma ya kengele iendelee. Hakikutoa hata mlio mdogo wa kunishtua. Kiliomba ridhaa ya mtu aliyelala, kikakaa kusubiri jibu!

Mke wangu aliuona mwanga ule, akadhani nimekwisha kuamka na ninatafuta soksi, akageukia ukutani akaendelea kulala. Nilipofumbua macho kulikuwa kweupe, majogoo wa jirani wamekwisha kuchoka kuwika, na maandishi yapo palepale yananingoja. Nikanyoosha mkono, nikabonyeza kioo juu ya chandarua, kioo hakikusikia kidole. Nikainua chandarua, nikabonyeza tena, na hapo nikagundua kwamba kitufe cha kukubali hakiwaki mpaka mtu ateremshe maandishi yote hadi mwisho, sura kwa sura, pamoja na kipengele kinachoeleza kwamba mgogoro wowote utaamuliwa katika mahakama za nchi ambayo sijawahi kuikanyaga. Niliteremsha mpaka kidole kikaota sugu. Nikakubali.

Na nilipokubali, ndipo kikalia.

Ndugu zangu, kikalia! Jua limetoka, treni imeondoka, mdogo wangu anapiga simu ambayo haipokelewi, nacho kinatoa sauti za ndege wa msituni kwa nguvu zake zote na kunitakia asubuhi njema. Ina maana kengele ilikuwamo ndani muda wote. Hakikuharibika, umeme haukukatika, bando halikuisha. Kengele ilikuwamo, na kampuni iliamua kuishikilia mpaka nitie sahihi. Hiki ndicho kinachonichemsha damu. Ingekuwa hitilafu ningevumilia, lakini huyu alikuwa macho, aliijua saa, akanitazama nikilala, akaona bora karatasi zake zishughulikiwe kwanza.

Ninachodai ni kidogo sana: kengele ilie kwanza, masharti yaje baadaye. Mtu akiwa amekaa kitandani na macho yamefunguka, mwonyesheni hata kurasa elfu. Lakini msimfungie mtu kengele yake mwenyewe, aliyoilipia kwa fedha yake mwenyewe, kisha mkamwimbia ndege baada ya treni kuondoka.

Fundi Saa

Pole sana, mkuu. Nimetengeneza saa Kariakoo kwa muda mrefu na ninasema haya bila kuficha. Saa ya mezani ya bei ya chini kabisa ina kipande cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na kwa betri moja ndogo italia mwaka mzima bila kumwomba mtu yeyote ruhusa. Mlikuja dukani kwangu mkaziita za kizamani.

Binti Kigamboni

Kaka, mimi naiona familia ya binti imebahatika kuonyeshwa mapema. Mshenga ambaye hawezi kuamka bila idhini ya kampuni atawezaje kupatanisha watu ndoa ikiingia mtikisiko? Na simu yako ilikuwa wapi? Simu zote zina kengele.

Mkazi wa Tabata

Dada, simu ilikuwa sebuleni, kwa kuwa kampuni hiyohiyo ndiyo iliyotuhubiria kwamba simu haipaswi kuingia chumba cha kulala na kwamba kidude chao kinatosha. Nilifuata maelekezo yao neno kwa neno. Na narudia, kililia baada ya mimi kukubali!

Mzee wa Mitambo

Mkuu, tatizo lako lina historia ndefu. Vidude vingi vya namna hii havina akili ndani yake. Kengele uliyoitega huandikwa kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni iliyo mbali, na kilicho kando ya kitanda ni kioo na spika tu, hivyo mwenye seva ndiye mwenye saa. Ufaransa kulikuwa na sungura wa mezani aliyeitwa Nabaztag, aliyeanza kuuzwa mwaka 2005, akisoma habari na kuchezesha masikio. Seva zake zilipozimwa mwaka 2011, sungura wote wakawa bubu. Marekani kulikuwa na Chumby, kidude cha kando ya kitanda kama chako. Kampuni yake ilifunga shughuli mwaka 2012, vikabaki kuonyesha saa tu, hadi mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi huko alipofufua huduma mwaka 2014 kwa malipo ya kila mwezi. Na Oktoba 20, 2025, mitambo ya Amazon Web Services, yaani kompyuta ambazo kampuni nyingi huzikodi kupitia mtandao, ilipopata hitilafu, wenye magodoro ya Eight Sleep, ambayo hupashwa na kupozwa kupitia mtandao, walishindwa kurekebisha joto la vitanda vyao wenyewe. Wewe umechelewa posa. Wenzako walichemka kitandani.

Mtu wa Mwanza

Kwa hili mimi sina huruma, maana Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom inayotuletea intaneti ilipokatika, nchi nzima ilionja. Kidude changu kilizunguka mchana kutwa kikitafuta mtandao, na nilipokiuliza saa kikanijibu kwamba kuna tatizo la mawasiliano. Saa! Nikaitazama saa ya ukutani iliyokuwa juu yake. Tangu siku hiyo kimekuwa kizuizi cha mlango, na kazi hiyo kinaifanya vizuri.

Mama wa Watatu

Nyote mnalia kwa mambo madogo. Mimi nimenunua taa janja, ile inayoendeshwa kwa simu, ya chumba cha watoto. Huku kwetu umeme ukikatika usiku, nawashukuru walioukata, kwa kuwa shida huanza ukirudi. Taa huwaka yenyewe kwa mwanga wake wote, hata kama niliizima, na watoto watatu huamka kwa pamoja saa nane za usiku wakidhani ni muda wa shule. Mmoja huanza kuvaa sare. Kuna mtu yeyote hapa aliyewahi kumvua sare mtoto anayelia saa nane za usiku?

Mtu wa Mwanza

Hilo la taa ni kweli kabisa, dada. Ya kwangu ilinifanyia hivyohivyo nikiwa na wageni.

Mzee wa Mitambo

Mama, ingia kwenye programu ya taa hiyo, tafuta sehemu inayohusu hali ya taa baada ya umeme kurudi, uchague ibaki kama ilivyokuwa. Aina nyingi huja zikiwa zimepangwa kuwaka, ili mtu anayetumia swichi ya ukutani asikae gizani.

Mkazi wa Tabata

Wakuu, naomba turudi kwenye kengele. Nimepata treni nyingine, wazee wamekwisha kuongeza faini, na mdogo wangu hapokei tena simu zangu. Kililia nilipokubali! Hakuna anayeliona hilo?

Mama wa Watatu

Ahsante sana, Mzee wa Mitambo, nimeiona hiyo sehemu na nimebadilisha. Sasa nisaidie na ile ya barazani, ambayo huzimika kila mume wangu anapobadilisha nywila ya intaneti.

Fundi Saa

Mama, balbu ya kawaida ninazo dukani.

Binti Kigamboni

Fundi, za mwanga wa njano zipo, na mbili unauza bei gani?