Ulinganisho: A+, cheti cha Google, CCNA au stashahada kwa anayeanza kazi ya kompyuta na mitandao?

Mwanzo_Mpya

Salaam wakuu. Mimi ni karani wa stoo. Kwa miaka miwili sasa printa ikigoma, kompyuta ikikataa kuwaka au mtu akisahau paswedi, naitwa mimi, ingawa sikuajiriwa kwa hayo. Nimegundua kwamba siku hizo ndizo ninazorudi nyumbani nikiwa na furaha, kwa hiyo nimeamua kuingia rasmi. Kwanza dawati la msaada, halafu baada ya miaka michache niwe msimamizi wa mitandao.

Nina saa kama 10 kwa wiki, jioni na Jumamosi. Kompyuta nazijua kwa mikono: kubadili diski, kuongeza ramu, kupiga Windows upya. Mtandao ndio giza. Nikizima rauta na kuiwasha na bado ikakataa, nimefika mwisho wa ujuzi wangu.

Nimebaki na njia nne: A+ ya CompTIA, cheti cha msingi cha kutengeneza na kuhudumia kompyuta (na pengine Network+, cheti chao cha mitandao, baada yake), cheti cha IT Support cha Google, CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, moja kwa moja, au stashahada ya chuo ya miaka miwili. Siwezi kulipa ada mara mbili kwa sababu ya kuchagua vibaya. Naomba waliopita humo waniambie njia yao iliwapa nini na iliwaacha wapi.

Dawati_la_Tatu

Karibu sana. Nina miaka sita kwenye dawati la msaada na niliingia kwa A+, kwa hiyo nitaanza na hiyo.

A+ si mtihani mmoja, ni miwili, na ada ni mbili. Wengi hugundua hilo wameshaanza kusoma. Wa kwanza unahusu vifaa, mitandao, simu na kompyuta za mkononi, na kutafuta hitilafu zake. Wa pili ni mifumo endeshi, usalama, hitilafu za programu na taratibu za kazi. Kila mmoja una maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, na alama za kufaulu ni 675 kwa wa kwanza na 700 kwa wa pili, kwenye kipimo kinachoishia 900. Kuna maswali ya vitendo pia, ambapo unapewa hali fulani kwenye skrini na kutakiwa uitengeneze. Cheti kinadumu miaka mitatu.

Cheti cha Google kilianza mwaka 2018 kupitia Coursera, tovuti ya masomo, na kina kozi kadhaa. Mafundisho yake nayasifu kwa moyo wote, hasa kozi ya pili, ile ya mitandao. Mwalimu anakwenda taratibu, safu kwa safu, na mtu aliyekuwa gizani kama wewe anaanza kuona. Lakini hakina mtihani wa kukaa chumbani chini ya msimamizi, na waajiri wengi wanalijua hilo. Mimi nakiona kama darasa zuri. Mtihani wa kuonyesha kwa mwajiri utautafuta kwingine.

Njia_Kuu

Nitapingana kidogo na mkuu hapo juu. Dada au kaka huyu ameshasema anabadilisha diski na kupiga Windows. Kwa nini alipie mitihani miwili kuthibitisha anachokifanya kila wiki? Pengo lake ni mtandao, na CCNA ndiyo inayoliziba.

CCNA ya sasa ni mtihani mmoja, 200-301, wa dakika 120. Asilimia 25 ni namna pakiti, yaani vipande vya data, zinavyotafuta njia, 20 misingi ya mitandao, 20 swichi (vifaa vinavyounganisha kompyuta za ofisi) na mitandao isiyo na waya, 15 usalama, 10 huduma kama DHCP (inayozipa kompyuta anwani) na NAT (inayobadili anwani za ndani zinapotoka nje), na 10 uendeshaji wa kiotomatiki. Ukiimaliza kwa haki, unaweza kukaa mbele ya swichi tupu na kuifanya ifanye kazi. Hakuna cheti kingine kwenye orodha yako kinachokupa hilo.

Mazoezi hayahitaji kununua kifaa. Packet Tracer ya Cisco hailipiwi. Unachora rauta na swichi, unaziunganisha, unaandika amri zilezile, unatazama pakiti ikisafiri na mahali inapokwama. Mimi nilisoma jioni kama wewe na ilinichukua miezi minane.

Dawati_la_Tatu

Njia_Kuu, miezi minane ni yako wewe, na sijui ulianza ukiwa na msingi gani. Nimeona watu watatu kwenye ofisi yetu wakianza CCNA bila kujua anwani ya IP, ile namba ya kompyuta kwenye mtandao, ni nini. Wote walikwama kwenye kugawa mtandao mmoja kuwa vipande vidogo, wakakata tamaa na masomo yote. Kilichowashinda si akili. Walikosa ngazi ya kwanza tu.

Na matangazo ya dawati la msaada huandika A+ zaidi ya CCNA. Mwenye CCNA bila uzoefu wowote wakati mwingine huulizwa kama kweli atakubali kushinda akibadilisha paswedi za watu.

Swichi_ya_Ghorofa

Kati ya hizo mbili kuna CCST Networking, pia ya Cisco, iliyotoka 2023. Ni fupi na nyepesi kuliko CCNA, nayo inatumia msingi uleule. Anayeogopa CCNA apime mguu hapo.

Msimamizi_wa_Zamu

Nasimamia timu ya msaada na nimewahoji watu wengi wa ngazi ya kuanzia, wenye vyeti na wasio navyo. Hebu niwape swali ninalouliza kila mara, kwa sababu linaonyesha vizuri kila njia inakuandaa vipi.

Kompyuta moja haifungui tovuti yoyote. Nyingine zote za ofisi hiyo zinafungua. Unaanzia wapi?

Anayekariri huniambia mara moja: nazima rauta na kuiwasha. Hapo ameshakosea, kwa sababu wengine wote wanafanya kazi na yeye amewakatia mtandao.

Ninayemtafuta anaanza chini. Je, waya umeingia, taa ya kadi ya mtandao inawaka? Kisha anaandika `ipconfig`, amri inayoonyesha anwani ya kompyuta, na kusoma. Akikuta anwani inayoanza na 169.254, anajua kompyuta iliomba anwani kwa DHCP, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Basi tatizo liko kati ya kompyuta hiyo na seva ya DHCP, na hana haja ya kugusa kivinjari. Akikuta anwani ni sahihi, anapiga ping kwa rauta, yaani anaitumia ujumbe mfupi kuona kama itajibu. Ikijibu, anapiga ping kwa anwani ya nje kama 8.8.8.8. Nayo ikijibu lakini jina la tovuti halipatikani, anaangalia DNS, inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani. Kila hatua inafunga mlango mmoja. Hahitaji kubahatisha hata mara moja.

Halafu namuuliza jambo la pili: muda wote huo, mwenye kompyuta amesimama nyuma yako ana ripoti ya kutuma. Umemwambia nini? Wengi hukaa kimya. Sehemu hii naipa uzito sawa na ile ya kwanza, maana anayekuja dawatini mara nyingi amekuja na aibu au hasira, na namna unavyompokea ndiyo itakayomfanya akuambie ukweli wa alichobonyeza.

A+ inagusa mambo yote mawili, pamoja na namna ya kuzungumza na mteja. CCNA inaelekea upande wa mtandao. Kozi ya Google inaeleza vizuri lakini haikulazimishi kufanya haraka. Hakuna hata kimoja kati yake kitakachokutosha kama hujavunja na kutengeneza kwa mikono yako mara nyingi.

Mhitimu_wa_Stashahada

Naona chuo kimeachwa nyuma, nami nilikipitia. Stashahada ilinipa vitu viwili ambavyo vyeti havikunipa. Kwanza ni mafunzo kwa vitendo ya miezi mitatu kwenye ofisi halisi, na huko ndiko nilikopata kazi. Pili, nilipotaka kupanda cheo, fomu iliuliza elimu rasmi na nilikuwa nayo.

Kilichoniuma ni kwamba mtaala ulikuwa nyuma ya wakati. Maabara ilikuwa na swichi za zamani na tulizigusa kwa zamu, dakika chache kila mmoja. Nililazimika kujisomea usiku kile nilicholipia mchana. Ukichagua chuo, kabla ya kulipa omba kuiona maabara, uliza wanafunzi wanaitumia saa ngapi kwa wiki, na kama mafunzo kwa vitendo mnatafutiwa au mnajitafutia. Majibu hayo matatu yana thamani kuliko kipeperushi chote.

Kwa mtu mwenye kazi ya mchana na saa 10 kwa wiki, nisingekushauri uanze nacho. Kitakuja baadaye.

Seva_na_Mashine_Pepe

Nyongeza mbili.

Angalieni sana umri wa vitabu na video. A+ ilibadilishwa Machi 2025, namba mpya ni 220-1201 na 220-1202. Network+ ya sasa ni N10-009, ya 2024. Vitabu vya CCNA vya kabla ya Februari 2020 vinazungumzia mtihani ambao haupo tena. Na bado nakutana na vijana wanaosomea MCSA ya Microsoft, iliyofungwa Januari 31, 2021. Inasikitisha kuona mtu akitoa miezi yake kwa cheti ambacho hakitolewi. Na kaeni mbali na maswali ya mitihani yaliyoibwa yanayouzwa mtandaoni. Ukigundulika unanyang'anywa cheti, na hata usipogundulika, swali la Msimamizi_wa_Zamu litakuumbua.

La pili, usisahau seva. Msimamizi wa mitandao kwenye ofisi ndogo ndiye huyohuyo anayeangalia seva. Ukiwa na kompyuta yenye ramu ya GB 16, weka VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta, tengeneza mashine pepe ya Windows Server ya majaribio na nyingine ya Linux. Sakinisha Active Directory, mfumo wa Windows wa kusimamia akaunti za watumiaji, unda watumiaji watano, funga akaunti ya mmoja kisha uifungue. Kazi kubwa ya dawati la msaada ni hiyo.

Mwanzo_Mpya

Nimesoma yote mara mbili. Ahsanteni kwa muda wenu.

Swali moja: nikipita A+, kuna haja ya Network+ kabla ya CCNA?

Njia_Kuu

Kwa lengo lako, hapana. Network+ ni nzuri kwa kuwa haifungamani na kampuni moja, na karibu robo yake ni kutafuta hitilafu. Lakini misingi yake mingi utaikuta tena CCNA. Anayetaka kubaki dawatini aichukue. Anayekwenda kwenye usimamizi wa mitandao, ada hiyo aiweke kwa CCNA. Na nakubali neno la Dawati_la_Tatu kuhusu ngazi ya kwanza, nilisahau kwamba mimi nilikuwa nimevuta waya kwa mwaka mzima kabla ya kufungua kitabu.

Mwanzo_Mpya

Basi nimeamua. Nitaanza na kozi ya mitandao ya Google peke yake kuondoa giza, kisha A+ mtihani mmoja mmoja, Jumamosi ni Packet Tracer. Nikipata kazi dawatini ndipo nifungue CCNA. Chuo nitakirudia nikiwa na mshahara wa kazi hiyo.

Jana usiku nilijaribu kugawa mtandao kwa mara ya kwanza. Nilichukua 192.168.10.0/26, yaani biti 26 za mwanzo za anwani ni za mtandao. Nimepata anwani 64 kila kipande, 62 za kutumia. Kwa hesabu yangu, kompyuta yenye .60 na yenye .70 haziwezi kuongea bila rauta, hata zikiwa kwenye swichi moja. Niko sawa?

Njia_Kuu

Uko sawa kabisa. Kipande cha kwanza kinaishia .63, cha pili kinaanzia .64. Sasa fanya hivyohivyo kwa /27 bila kalamu, kisha njoo utuambie .60 imeangukia kipande gani.