Foto za papa zinatoka kijani na nyuso zimezama: nifanyeje?

Binti wa Studio (Lubumbashi)

Jambo wandugu wote. Papa, yaani baba yangu, alikuwa na studio ya foto komini ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, tangu miaka ya 1970. Alipofariki, negativu zake zikabaki mikononi mwangu. Ziko ndani ya makopo ya biskuti na ya maziwa ya unga, kila mkanda katika bahasha yenye maandishi yake ya penseli: jina la familia, mwaka, na mara nyingine neno moja tu, "ndoa", "ubatizo", "wametoka Kolwezi". Nyingi ni zile za mraba, sentimita 6 kwa 6, alizopiga kwa kamera ya Yashica Mat. Chache ni za milimita 35. Zote ni nyeusi na nyeupe.

Nimepata skana ya Epson V600, na nyumbani tuna printa ya Epson L805. Sitafuti biashara. Nataka kuchapa foto za A4 niwape wenyewe, kwa sababu wamama wa mtaa wanapita kuniuliza kama foto ya ndoa yao ingali iko. Wengine walipoteza zote kwa kuhamahama.

Ila kinachotoka kwenye printa si foto ya papa. Chini ya taa ya sebule ni ya kijani. Nikitoka nayo barazani inaelekea urujuani. Halafu nyuso. Nikiinua negativu dirishani naona uso mzima, mpaka mstari wa kidevu. Kwenye karatasi uso wa bibi arusi umekuwa doa jeusi lenye macho, na shela yake imekuwa nyeupe tupu, mikunjo yote imepotea. Ninazo foto ambazo papa alizichapa mwenyewe katika chumba cha giza, kutoka negativu zile zile, na humo ngozi ina mwanga. Hata mtu mweusi tititi unaona shavu lake linavyozunguka. Kwa hiyo uso uko kwenye filamu. Unapotelea wapi?

Na hili pia: upande usiong'aa wa negativu kuna vistari vidogo sana vya penseli, hasa kwenye mashavu na chini ya macho. Mtu mmoja alinishauri nivifute kwa pombe kabla ya kuskani. Nimesita. Naomba msaada wa wanaojua.

Mwana Goma

Yaya, usifute kitu! Ngoja wazee waje. Mimi nitasema juu ya skana tu.

Kwenye programu ya Epson kuna kisanduku cha Digital ICE, cha kuondoa vumbi. Kizime. Kinafanya kazi kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na fedha iliyomo ndani ya filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe inauzuia mwanga huo. Programu inadhani foto yenyewe ni vumbi na inaanza kuifuta. Kwa negativu za rangi kinasaidia sana, kwa hizi za papa kinaharibu.

Kuhusu vumbi lenyewe, huku Goma vumbi letu ni la mawe ya volkano, linakwaruza vibaya, kwa hiyo kitambaa sikitumii hata kiwe laini namna gani. Natumia kile kipuliza cha mpira cha watoto kinachouzwa famasi, kipya na kikavu, kisha brashi laini. Napiga deki kwanza, nafunga dirisha, nazima feni, nangoja vumbi litue ndipo nafungua bahasha. Ninyi Lubumbashi wakati wa kiangazi, na lile vumbi lenu jekundu, afadhali uskani asubuhi na mapema kabla magari hayajaanza kulitimua.

Mzee wa Katuba

Binti yangu, pole kwa kufiwa na papa, na asante kwa kuyatunza makopo hayo. Nimefanya kazi ya chumba cha giza miaka mingi hapa mjini, na sasa nachapa kwa printa. Nitakujibu kwa urefu.

Vile vistari vya penseli ni kazi ya mikono ya papa. Usiviguse. Sisi tuliita retushi. Mahali penye kovu au kunyanzi, negativu huwa nyepesi, na sehemu nyepesi ya negativu huchapa nyeusi. Basi mpiga foto alikaa dirishani na penseli iliyochongwa ncha ndefu, akaijaza sehemu ile kidogo kidogo mpaka ilingane na ngozi iliyo jirani. Pombe ikipita pale, kazi hiyo imekwisha na hairudi. Ukiskani vistari vitaonekana kama mikwaruzo myeupe, kwa sababu skana inavikuza bila huruma. Uvilainishe ndani ya kompyuta, kwenye nakala. Filamu iache ilivyo.

Sasa nyuso, na hapa ndipo nakuomba uweke moyo wako wote. Fikiria negativu ya ndoa. Ngozi nyeusi ya bibi arusi imeandikwa sehemu nyepesi, karibu na filamu tupu. Shela imeandikwa sehemu nzito, mwisho kabisa wa upande mwingine. Skana ikiachwa otomatiki inakata ncha zote mbili ili foto ionekane kali kwenye kioo cha kompyuta. Uso uko kwenye ncha moja na shela kwenye nyingine. Papa aliweka taa yake kwa ajili ya uso, mashine inatafuta wastani wa foto nzima, na mambo hayo mawili hayapatani.

Kwa hiyo ondoa kila kitu cha otomatiki. Chagua hali ya kitaalamu, filamu negativu nyeusi na nyeupe, kijivu cha biti 16. Fungua histogramu, ile chati yenye umbo la mlima inayoonyesha giza na mwanga wa foto, uvute kile kipembetatu cha weusi na kile cha weupe viende nje ya mlima, viache nafasi pande zote mbili. Foto itatoka imefifia, ya kijivu, haina nguvu. Usihuzunike, hiyo ndiyo unayoitaka, kwa kuwa kila kitu kimo. Ihifadhi kama TIFF, aina ya faili inayobeba biti 16 zote. JPEG ina ngazi 256 tu za kijivu, na ukiinua uso kutoka gizani ngazi hizo zinaachana, unaona mistari shavuni. Biti 16 zina ngazi 65,536.

Usiskani kwa nukta 6400 kwa inchi eti kwa kuwa sanduku limeandikwa hivyo. Lenzi ya skana ile haifiki huko, utapata faili kubwa na ukungu ule ule. Weka 2400. Picha ya 6 kwa 6 ina upana wa milimita 56 hivi, kwa hiyo utapata pikseli kama 5,300 kila upande, faili ya megabaiti 56. Ukichapa kwa pikseli 300 kwa inchi, inakupa mraba wa sentimita 45. A4 yako haihitaji hata nusu ya hiyo. Za milimita 35 kwa 2400 zinakupa kama sentimita 29 kwa 19, hizo nazo zinatosha A4, ila makosa ya fokasi yataonekana zaidi.

Kisha GIMP, programu ya kurekebisha picha, ambayo ni ya bure. Hakikisha ni 2.10 au ya baada yake, kwa sababu za zamani zinaangusha biti 16. Fungua kurva, ule mstari unaoupinda ili kuongeza au kupunguza mwanga sehemu moja moja ya foto. Kwanza inua sehemu ya giza mahali uso ulipo, taratibu, mpaka uone mfupa wa shavu. Ndipo ushushe kidogo sehemu ya mwanga mpaka mikunjo ya shela irudi. Weusi kamili upe nywele na koti la bwana arusi. Uso usiupe weusi kamili kamwe. Ukiwa na foto ya papa ya zamani, iweke kando ya kioo na uifuate, yeye ameshakuonyesha alichotaka.

Nakuja kwenye kijani. L805 ina wino sita, lakini mweusi ni mmoja na kijivu hakuna. Kila kijivu unachokiona kimechanganywa kwa rangi: samawati, waridi, njano. Mchanganyiko ukiegemea upande mmoja hata kidogo, jicho linaona, maana jicho ni kali sana kwenye kijivu kuliko kwenye kitambaa chekundu au majani. Na wino hizo zinarudisha mwanga wa taa tofauti na mwanga wa jua, ndiyo sababu foto moja ni kijani ndani na urujuani barazani. Haitaisha kabisa kwa printa hiyo, nakwambia wazi. Lakini itapungua sana. Tumia wino ulio halali wa printa hiyo, usichanganye chupa za kila soko. Katika mipangilio ya printa chagua aina ya karatasi iliyo sawa na ile uliyoweka, kisha jaribu chaguo la kuchapa kwa kijivu. Bado ikiegemea, ipe foto yote joto kidogo la kahawia, kidogo sana. Karatasi nyingi za zamani zilikuwa na joto hilo, na jicho likishapewa kahawia ya makusudi halitafuti tena kijani. Mimi nafanya hivyo kwa foto za familia na nazipenda.

Ukija kupata uwezo, tafuta printa yenye kijivu cha kweli. Epson L8180 ina wino mmoja wa kijivu. Zile za P600 na P900 zina weusi wa ngazi tatu na hali maalumu ya nyeusi na nyeupe, hapo kijivu kinatengenezwa kwa weusi karibu wote na rangi inawekwa tone tu. Tofauti ni kubwa. Bei nayo ni kubwa, pamoja na usafiri wa kutoka Johannesburg au Dubai hadi ipite mpaka wa Kasumbalesa.

Jambo moja la mwisho, na ndilo watu wanaliruka. Kabla ya kuchapa foto, tengeneza mstari wa vipande 21 vya kijivu, kutoka asilimia 0 hadi 100 ya weusi, kila kimoja kimezidi mwenzake kwa 5. Uchape kwenye karatasi yako, uache ukauke usiku kucha. Asubuhi tazama upande wa giza. Kama 85, 90 na 95 vimekuwa weusi mmoja, hapo ndipo uso wa bibi arusi ulipozama! Kioo cha kompyuta kina mwanga wake kwa nyuma, karatasi haina. Rekebisha kurva mpaka vipande hivyo viachane, uihifadhi kurva hiyo, uitumie kila siku kwa karatasi hiyo.

Mama wa Nguba (Bukavu)

Mzee amesema vizuri. Mimi naongeza juu ya makopo, kwa sababu Bukavu unyevu umetufundisha. Mwanangu, fungua kila kopo unuse. Likitoa harufu ya siki, filamu ya asetati, yaani plastiki ya negativu nyingi za zamani, imeanza kuoza, na mvuke ule unaziharakisha zilizo jirani. Zitenge, zianze hizo kuskaniwa kabla hazijajikunja na kusinyaa, maana hakuna dawa ya kuzirudisha.

Ukiona kuvu, kama utando wa buibui juu ya picha, usioshe kwa maji. Kuvu wanakula jelatini, lile tabaka linaloshika picha, na kuifanya iyeyuke, na maji yanaweza kuiondoa pamoja na uso wa mtu. Iache ikauke mahali penye hewa, brashi tu, uskani. Na usiziweke tena kwenye kopo lililofungwa wala plastiki laini ya PVC. Bahasha za karatasi isiyo na asidi, zisimame wima ndani ya sanduku, mbali na ukuta wa jikoni. Bahasha za papa zenye maandishi usizitupe, ziende pamoja na negativu zake.

Binti wa Studio (Lubumbashi)

Asante sana papa, asante mama, na wewe ndugu wa Goma. Penseli sijaigusa. Nilichapa ule mstari wa vipande 21, na kweli kuanzia 85 vyote vilikuwa kitu kimoja! Nimerekebisha kurva na uso umetoka, mpaka hereni inaonekana imetenganishwa na shingo. Kahawia kidogo imeifunika ile kijani. Makopo mawili yana siki, nimeyatenga.

Nimebaki na maswali. Nilitaka karatasi isiyong'aa, ile nzito ya pamba, kwa kuwa naona ni ya heshima. Je, inafaa kwa L805? Na foto hizi zitaishi muda gani ukutani? Pia umeme unakatika katikati ya kuchapa. Na watu wameniambia nizipeleke wakati wa Biennale ya Lubumbashi, yale maonyesho ya sanaa.

Mzee wa Katuba

Kwa wino wa L805 usitumie ya pamba. Wino wake ni wa kuyeyuka, yaani rangi imeyeyuka kabisa ndani ya maji, unazama ndani ya karatasi ile, na weusi unakuwa dhaifu. Uso uliouokoa juzi utazama tena. Chukua yenye mng'ao wa wastani, na ukibadilisha karatasi anza upya mstari wa vipande 21. Pamba ni ya printa za wino wa pigmenti, wenye chembe za rangi zinazokaa juu ya karatasi.

Wino wa kuyeyuka unachoka kwa jua na hewa. Waambie wamama waweke kioo mbele na wasitundike mkabala na dirisha. Ndiyo maana TIFF zako ziwe kwenye diski mbili, moja ikae nyumba nyingine. Kila foto unayotoa, andika nyuma kwa penseli laini pembeni: jina, mwaka kama ulivyo kwenye bahasha, na namba ya faili, ili ikififia uchape nyingine bila kutafuta.

Umeme ukikatika katikati, kichwa cha printa kinabaki wazi na wino unakaukia humo. Tafuta betri ya akiba hata ndogo, ya kukupa dakika chache za kumaliza karatasi na kuzima kwa kitufe. Wiki usiyochapa foto, chapa ule ukurasa wa kukagua matundu ya wino.

Kuhusu Biennale, wale waliomo kwenye foto walikuja studio kupiga foto ya kuweka sebuleni kwao. Waulize kwanza, au watoto wao. Atakayekubali, andika jibu lake ndani ya bahasha.

Shela ambayo bado haina mikunjo baada ya kurva, iskani mara ya pili ukivuta kipembetatu cha weupe mbali zaidi, kisha weka hapa picha ya histogramu. Nitaitazama.