Kikundi cha Ukoo: Hesabu za Watoto

Shangazi Rehema, 18:42: Za jioni wanafamilia. Kazi ya Imani ya darasa la saba inakusanywa kesho asubuhi. La 1: 3(x − 4) = 2x + 5. Msimpe jibu, mpeni hatua.

Shangazi Rehema, 19:10: Mmesoma wote, naona tiki za bluu.

Baba Imani, 19:26: Yeye kapata 9

Shangazi Rehema: Kazidisha x, ile 4 kaiacha. 3 ya nje inazidisha vyote vilivyomo kwenye mabano: 3x − 12 = 2x + 5. Toa 2x pande zote: x − 12 = 5. Jumlisha 12 pande zote: x = 17. Ahakiki: kushoto 3 × 13 = 39, kulia 34 + 5 = 39. Akiweka 9, kushoto 15, kulia 23. Hapo kosa analiona mwenyewe.

Mama Zuu: 📷 La 2. Mraba wa sm 14, duara ndani linagusa pande zote nne. Eneo la kivuli? Zuu kaandika 616 − 196

Hamisi: Duara limezidi mraba 😂 hiyo chapati ya Mama Zuu

Mama Zuu: Mbona huwa unamaliza sahani?

Hamisi: Jumamosi zipo?

Shangazi Rehema: Hamisi, watoto wanalala saa tatu! Mama Zuu, 14 ni kipenyo. Nusu kipenyo ni 7. 22/7 × 7 × 7 = 154. Mraba 14 × 14 = 196. Kivuli ni 196 − 154 = 42, na aandike sentimita za mraba, asipoandika anapoteza alama.

Shangazi Rehema: Jumamosi saa nne tukutane kwa baba, tuwafundishe pamoja. Ubao nani anao?

Baba Imani: Aulizwe aliyeondoka nao baada ya arobaini

Mama Zuu: Shemeji, usinianze. Mchango wangu wa ubao ule mbona hamuutaji?

Hamisi: 🙈

Baba Imani: Na la 3, 20 − 12 + 3. Imani kasema 5. MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) si kujumlisha kwanza?

Hamisi: 5 ndiyo yenyewe

Babu, 20:31: Nimesoma yote. Ubao ni wa watoto. Uwe kwangu Ijumaa kabla ya magharibi.
La tatu si 5. Kila namba inatembea na alama iliyo kushoto kwake. 12 ina alama ya kutoa, hamwezi kuichukua mkaijumlisha na 3. Zenye kujumlisha ni 20 na 3: 23. Toa 12: 11. Au aanzie kushoto: 8, kisha 11.

Mama Zuu: Shikamoo baba. Nimekuelewa.

Baba Imani: Shikamoo baba

Babu: Marahaba.

Hamisi, 21:15: Saa nne nipo kazini. Saa kumi?

Mama Zuu: Saa kumi nina kikoba

Shangazi Rehema: Sasa wengine mnasemaje? Mjomba Salum? Dada Asha?

Baba Imani, 21:48: La 4, pembetatu ina pembe x, 2x na nyuzi 60

Shangazi Rehema: Jumla ya pembe zote tatu ni 180. Atoe 60, inabaki 3x = 120. Amalizie mwenyewe, na 2x aitafute pia, swali linataka pembe zote. Jamani, saa nne au saa kumi?