Kuchora vitu vya mezani kwa jicho la leo

Mwanafunzi wa uchoraji, Lubumbashi
Ndugu zangu, tumepewa zoezi la kuchora vitu visivyo na uhai, kwa mtindo wa Waholanzi wa karne ya 17: limau lililomenywa nusu, glasi ya divai, fuvu la kichwa. Ustadi wao nauheshimu sana, lakini meza ile si ya kwetu. Je, wasanii wa leo wanairithi vipi desturi hii bila kuirudia?

Mpiga picha, Kamalondo
Wengine wameingiza kile ambacho mchoro ulikidokeza tu, yaani muda wenyewe. Mwaka 2001 Sam Taylor-Wood wa Uingereza alirekodi matunda yakioza mpaka yakawa rundo la ukungu wa kijivu, huku kalamu ya plastiki iliyowekwa kando ikibaki vilevile tangu mwanzo hadi mwisho. Kwangu mimi, kalamu hiyo inatisha kuliko uozo. Ori Gersht naye, mwaka 2006, alifuata mpangilio wa mchoraji Mhispania wa zamani, Juan Sánchez Cotán, akatundika komamanga kwa uzi, kisha akaonyesha kwa video ya mwendo wa polepole risasi ikilipasua.

Mchoraji, Katuba
Wa kwetu naye yupo. Sammy Baloji, aliyezaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1978, amepanda mimea ya nchi za joto ndani ya maganda ya makombora ya shaba, ya aina ambayo familia za Ubelgiji ziliyageuza kuwa vyombo vya maua sebuleni. Ukikumbuka kwamba shaba ya Katanga ilitumika katika vita vya Ulaya, ganda hilo haliwezi tena kuwa pambo tu. Kwa hiyo mdogo wangu, anza na kitu ambacho unajua kimetoka wapi na kimepita mikononi mwa nani: sahani ya emaye iliyobanduka ukingoni, gunia la makala, au msalaba wa shaba uliokuwa fedha ya mababu. Malakiti iliyong'arishwa, lile jiwe la kijani lenye shaba, iache; imechorwa kwa ajili ya wageni mno.

Mwalimu wa sanaa, Lubumbashi
Nakubaliana na yaya (mkubwa wetu) wa Katuba. Ukichagua msalaba, usiupake rangi moja ya kahawia: palipokwaruzwa karibuni shaba huwa ya waridi, palipozoea mikono huwa nyeusi kidogo, na penye unyevu huota kijani. Uweke karibu na dirisha, kisha uchore kwanza sehemu hizo tatu kabla ya kugusa meza.